Ngozi ya Kondoo kwenye Kaski ya Radio

Mafuta ya ng'ombe hayaingii nyumbani kwangu. Wajukuu zangu wanaamini kwamba tumbo la uzee linayakataa, nami nawaacha waamini. Tumbo langu halina neno. Tatizo ni pua. Nikiyanusa yakiwa yamekaa siku kadhaa, ile harufu ya maziwa, manyoya na jasho kwa pamoja, mate yananijaa kinywani kama ya mtu anayetaka kutapika, na vidole vyangu vinakumbuka kitu laini, chenye unyevu, kinachojongea.

Kitu hicho nilikitengeneza mwenyewe. Nilikuwa kijana, nimemaliza sekondari kwa mapadri, na nilijiona fundi.

Ilikuwa Walikale, miaka ya hamsini ikielekea mwisho, kwenye mgodi wa kasiteriti, lile jiwe zito jeusi linalotolewa bati. Mimi ni mtu wa Nyamitaba, juu kwenye vilima vya Masisi. Kwetu asubuhi unaona pumzi yako mwenyewe. Maharagwe yakitandazwa uani yanakauka, nyama ikiangikwa juu ya moshi inakaa. Mgodini, kule chini msituni, hakuna kilichokaa. Viatu viliota ukungu chini ya kitanda. Chumvi iligeuka maji. Mkate wa bwana wa mgodi ulikuwa kijani kabla hajaumaliza. Nayasema haya mapema ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua. Niliyaona yote kwa macho yangu, na niliyachukia kila siku.

Niliwekwa kwenye foni, yaani radio ya kusemezana. Kila asubuhi ofisi kuu iliita migodi yake mmoja baada ya mwingine, nasi tulijibu: mapipa mangapi yameondoka, nani mgonjwa, mchele umebaki kiasi gani, kifaa gani kimevunjika. Mwendeshaji alisikiliza kwa kaski: visikizio viwili vya duara, vya plastiki ngumu nyeusi, vilivyoshikwa na utepe wa chuma unaopita juu ya kichwa. Kaski ilikuwa moja tu, na mwendeshaji alikuwa mmoja. Mimi nilikuwa msaidizi wake.

Alikuwa mtu wa Burungu, mlimani kama mimi, mwenye shingo nene na kicheko kilichosikika mpaka ghala la posho. Nilimwita Papa, kwa kuwa alikuwa wa rika la baba yangu. Yeye aliniita mutoto ya Nyamitaba, ingawa nilikuwa nimeota ndevu. "Ndio" ya vitabuni kwake, kama kwetu wote, ilikuwa "njo". Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Homa kali ilimpata miaka ya nyuma, akapigwa sindano nyingi za kinini, homa ikaondoka na sikio likaenda nayo. Waliolijua jambo hilo ni mke wake na mimi. Bwana wa mgodi hakulijua, na hakupaswa kulijua, kwa sababu mwendeshaji asiyesikia alirudishwa kwao na mkeka wake. Nyumba ilikuwa ya mgodi, na shule ya watoto pia. Kule Burungu mashamba yake yalikuwa yameshalimwa na ndugu zake, nao hawakuwa watu wa kuyarudisha. Kila alichokuwa nacho Papa kilikuwa kimening'inia kwenye sikio lake la kulia.

Nalo sikio hilo lilikuwa linasumbuliwa. Mashine ya umeme ilinguruma ukutani kwa nje. Mipira laini iliyokuwa ikizunguka visikizio ilikuwa imeoza zamani na kugeuka kitu cheusi cha kunata, plastiki ikabaki wazi, na kelele ya mashine iliingia pembeni. Papa alikibana kisikizio kwa kiganja mpaka mishipa ikamsimama mkononi. Akaanza kuomba namba zirudiwe. Sauti ya ofisi kuu ikaanza kufoka. Ndipo bwana wa mgodi akatuambia kwamba baada ya Noeli atakuja mkaguzi, atakaa na kila mwendeshaji kumsikiliza anavyofanya kazi.

"Papa," nikamwambia, "wacha nitengeneze hii kaski."

"Weye? Ulisoma Kilatini, hukusoma kaski."

"Iko vyuma na uzi tu."

"Bon. Ukiivunja, njo unaenda kusema na bwana kwa mudomo yako. Mi niko nyumbani na mama, tunafunga mizigo."

Alicheka, lakini aliivua mwenyewe na kuiweka mikononi mwangu.

Nilifungua kifuniko kwa kukizungusha. Chini yake kulikuwa na kibati chembamba cha duara, na chini ya kibati sumaku yenye pembe mbili zilizovingirishwa waya mwembamba kuliko unywele. Kibati cha kulia kilikuwa kimeshika kutu kwa jasho la sikio la miaka mingi. Cha kushoto kilikuwa kisafi, kwa sababu upande ule Papa aliusukuma juu ya panja, haukuwa na kazi. Nikavibadilisha, cha kushoto nikakitia kulia. Nikafunga. Papa alipovaa, nyusi zake zilipanda.

"Eh! Ule muntu amekuja karibu!"

Hiyo ilikuwa kazi nzuri. Ningeishia pale, nisingekuwa na la kuandika. Lakini sifa ilinipanda kichwani, nikataka na ile mashine ya umeme niifukuze. Kilichohitajika ni kitu laini cha kuziba pembeni mwa sikio, na nilijua kitu laini kupita vyote duniani ni kipi.

Kwetu mtoto mchanga hubebwa mgongoni kwa ngozi ya kondoo. Ngozi hiyo haitengenezwi kwa haraka. Inaparuliwa mpaka mafuta yake yenyewe yaishe, inakanyagwa, inapakwa mafuta ya ng'ombe yanayosukwa kwa maziwa, inaanikwa, inasuguliwa, inapakwa tena, na msimu unapita. Mwishoni inakuwa laini kama ndewe ya sikio. Mama yangu alikuwa nayo moja iliyotubeba wote, mimi na ndugu zangu. Nilipokwenda likizo ya Noeli nilimwomba kipande.

"Ile iko ya mutoto ya dada yako," akaniambia. "Ao weye njo uko na mimba?"

Dada zangu walicheka mpaka wakashika matumbo. Nikaonyesha ngozi ya kondoo aliyechinjwa kwa sikukuu, iliyokuwa imepigiliwa vijiti ukutani.

"Basi nipe hii."

"Hiyo ingali nyama. Wacha niifanye, utaikuta Pasaka."

Pasaka ilikuwa mbali, mkaguzi alikuwa karibu. Mama alipokwenda kisimani nilikata vipande viwili, nikavifunga kwenye jani la mgomba pamoja na mkebe wa mafuta ya ng'ombe. Ndani ya lori, tukishuka kutoka baridi kwenda joto, nilivisugua kwenye goti langu njia nzima na kujiambia kwamba kusugua ni kusugua tu. Abiria mmoja aliomba kuhama asikae karibu nami. Nilimwona mtu asiye na adabu.

Nilishona miviringo miwili, manyoya kwa ndani, upande wa nyama kwa nje, yaani upande wa kugusa sikio. Nilijaza nyuzi kavu za mgomba, nikabandika kwenye plastiki kwa ulimbo wa mti, nikapaka mafuta mpaka ikang'aa. Nilimpelekea Papa.

Aliinusa, akafumba macho. Mtu aliyekaa msituni miaka mingi, ukimletea mafuta ya ng'ombe umemletea kwao.

"Hii iko ngozi gani?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Lakini zawadi iliyoibwa ukutani haikuwa na heshima niliyoitaka.

"Ni ya mama," nikasema. "Njo ile alitubebea sisi wote."

Papa akaishika kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika mtoto wa mwenzake.

"Mama yako alikata ile ngozi juu yangu, anisaidie mimi?"

"Ndiyo, Papa."

"Ngozi ya kubeba watoto haiumizi muntu," akasema, na akavaa.

Ilifanya kazi. Inanichefua kulisema, lakini ilifanya kazi ajabu. Mashine ya umeme ilipotea kama imezimwa. Papa akawa anaandika namba mwenyewe, mikono yote miwili huru, akitaniana na sauti ya ofisi kuu, akiiuliza kama imepata mke. Mkaguzi angekuja juma lile, angemkuta mwendeshaji bora wa msitu mzima. Lakini mvua ilikata barabara na mkaguzi akakwama mbali, na ngozi ile iliendelea kukaa kwenye joto la kichwa cha mtu.

Harufu ilianza kama ya maziwa yaliyosahauliwa. Ikawa ya kwato. Kisha ikawa harufu isiyo na jina, tamu, nzito, iliyokaa kwenye nguo na kwenye ugali. Bwana wa mgodi alisimama mlangoni, kitambaa puani, akauliza nini kimefia humu. Nikajibu upesi kwamba ni panya. Kwa siku nzima niling'oa mbao za sakafu nikimtafuta panya ambaye nilijua hayupo, huku Papa akinishikia taa na kunihurumia kwa jasho langu.

Nilifanya nini baada ya hapo? Niliongeza mafuta. Kila jioni nilichukua kaski, nikafuta ute uliokuwa umejitokeza kwenye mshono, nikapaka mafuta mengine juu. Nilijiambia kwamba hata kwetu ngozi hunuka kabla ya kukubali.

Papa alianza kujikuna ndani ya sikio kwa kalamu. Mke wake, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali, alikuja mpaka kwenye foni kunishitaki.

"Weye mutoto ya Nyamitaba! Papa yenu anakujaka kulala na kondoo. Na kondoo yenyewe ilishakufa juma ingine."

"Mama, ngozi nzuri inanukaka mwanzo," nikasema.

"Mwanzo inaishaka lini? Nimemwambia alale na uso kwa ukuta. Sasa ukuta njo unanuka."

Papa alicheka, akanipigapiga bega. "Wacha mutoto, mama. Ile ngozi ilimubeba yeye. Itaacha kunibeba mimi?"

Nami nilicheka pamoja nao. Kicheko kile nakisikia mpaka leo.

Asubuhi iliyofuata Papa alikuwa katikati ya kupokea namba. Kalamu ikasimama.

"Kuna muntu anatembea mu kaski," akasema.

Nilidhani ni mikwaruzo ya radio. Alivua kisikizio cha kulia akaninyooshea. Nilikipokea kwa vidole na ngozi ikateleza chini yavyo kama utando wa uji. Ilikuwa kijivu, kijani pembeni. Mshono ulikuwa umeachia, na ndani, katikati ya nyuzi za mgomba na manyoya yaliyolowa, funza weupe walikuwa wanajipinda, wanene, wengi, wakitafuta giza. Nikamtazama Papa. Usaha wa manjano ulikuwa unashuka kutoka sikioni mwake kwenda shingoni, na kwenye ukingo wa tundu la sikio kulikuwa na funza mmoja aliyekuwa anarudi ndani.

Nilitapikia mlangoni. Nyuma yangu Papa alikuwa bado ameketi, kalamu mkononi, anauliza, "Iko nini? Mutoto, iko nini?"

Sikuweza kumgusa. Nilimwita mke wake, naye ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kwa muuguzi wa kambi. Mimi nilifuata nyuma mbali kidogo, kwa sababu ya harufu, harufu niliyoitengeneza mimi.

Muuguzi alisukumia maji na dawa ya zambarau kwa bomba la sindano, na vitu vikatoka vikaanguka kwenye beseni. Mwanzoni Papa alifanya mzaha kupitia meno yaliyokazwa.

"Hesabu vizuri, kaka. Ile iko mifugo yangu."

Baadaye hakufanya mzaha. Uso ulivimba mpaka jicho likafumba. Muuguzi alichungulia ndani kwa kioo chake, akaziba kwa pamba. Sikuhitaji kuuliza kama sikio hilo nalo limekufa.

Nilipokwenda kumwona nyumbani kwake alinivuta karibu. Alikuwa anasema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema wasiojisikia.

"Nimeharibu ngozi ya mama yako! Sikio yangu chafu imeiozesha. Utamwambia nini?"

Alikuwa ananiomba msamaha. Mwanaume wa rika la baba yangu, mwenye pamba iliyoloa usaha, ananiomba msamaha kwa kipande cha nyama nilichokiiba ukutani. Nami nilisogeza mdomo kwenye pamba ile, nikizuia pumzi, nikapaza sauti: "Si kitu, Papa. Nimekusamehe."

Funza walinitia kinyaa, usaha ulinitia kinyaa. Lakini kitu kichafu kuliko vyote nilivyopata kuona katika kibanda kile cha foni na katika nyumba ile kilikuwa kinywa changu mimi.

Nilichoma ngozi kwenye moto wa nje. Ilitoa povu na kujikunja. Kaski niliisugua kwa jivu na kwa petroli mpaka mikono ikachubuka, lakini mafuta yalikuwa yameingia kwenye matundu madogo ya kifuniko, na harufu ilibaki humo.

Barabara ilipofunguka mkaguzi alifika. Alikuwa mtu mpole, na sauti yake ilikuwa ya chini. Papa alivaa kaski juu ya pamba, akaketi wima, akaandika namba alizokisia. Mkaguzi alisimama nyuma yake akamwita kwa upole, mara moja, kisha tena. Papa hakugeuka. Mkaguzi alimtazama bwana wa mgodi, wakatoka nje.

Habari ilikuja kwa foni, kama habari zote. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha Papa, kaski kichwani, ile harufu ikiniingia puani kwa kila pumzi. Sauti ilikuja safi. Kibati nilichokibadilisha kilikuwa kibati kizuri kweli. Mwendeshaji arudi kwao na lori la kwanza. Msaidizi ashike nafasi yake.

"Rudia," sauti ikasema.

Ndiyo ilikuwa kanuni. Ujumbe wowote ulirudiwa kwa sauti, neno kwa neno, ili ofisi kuu ijue umeupata sawa. Nikarudia kwa sauti ndogo.

"Sikusikii. Rudia."

Nikarudia kwa sauti kubwa, juu ya mngurumo wa mashine. Papa alikuwa amesimama dirishani, amenipa mgongo, anatazama nje kwenye mstari wa wanawake waliokuja kuchukua posho. Hakusikia hata neno moja. Wao walisikia. Alimwona mke wake akiweka kikapu chini, taratibu, mchele wote ukiwa bado haujapimwa. Ndipo akanigeukia.

"Wanasema nini?"

Nilimwandikia kwenye karatasi. Alisoma, akainama kidogo kama mtu aliyeguswa begani.

"Basi kiti iko yako," akasema kwa ile sauti yake kubwa. "Usiweke kitu tena kwa ile kaski. Vaa vile iko."

Walipanda lori na watoto wao na sufuria zao. Mke wake hakuniaga. Alinitazama tu, na pua yake ikajikunja, nami nilielewa kwamba harufu ile sasa ilikuwa yangu.

Nilikaa kwenye kiti kile mpaka wazungu walipoondoka. Miezi mingi baada ya Papa kwenda, dereva mmoja aliyetoka Masisi aliniletea kifurushi kutoka Burungu. Ndani mlikuwa na ngozi ya kondoo ya kubebea mtoto, nzima, iliyotengenezwa kwa msimu mzima, laini, na imelowa mafuta ya ng'ombe. Dereva alikuwa na maneno ya kunifikishia.

"Ule Papa kiziwi anasema umupelekee mama yako. Anasema njo malipo ya ile yake ingine. Aliifanya yeye mwenyewe, mukono yake. Mashamba hana, anakaa kwa jiko ya mukwe wake, lakini ile ngozi! Shika, uone."

Niliishika. Nilishindwa kuirudisha na nilishindwa kuitupa. Likizo ilipofika niliipeleka Nyamitaba. Mama aliigeuza, akaipapasa shavuni.

"Hii imefanywa na muntu anayejua. Ulitoa wapi?"

"Nilipewa," nikasema.

Ngozi ile haikuoza. Ilibeba watoto wa dada zangu, na nilipooa ilibeba wangu wote. Mke wangu alidhani mimi ni baba wa moyo mgumu. Kila nilipotoka kazini aliniletea mtoto mgongoni, amelala, kichwa kimejificha ndani ya ngozi laini, nami niliegemea mlango na kumwambia amtoe kwanza, amwogeshe, ndipo anipe. Hakunielewa. Hata nilipokuwa na mtoto mkononi, safi, ananukia sabuni, nilimgeuza kichwa kwanza, nikamchungulia sikioni.